Karafuu Kupanda Mlima: Historia ya Manukato ya Kiume yenye Viungo katika Njombe na Makambako

Mwezi Juni unapoingia, mji wa Njombe, ulioko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huamkia ukungu, na wanaume waendao ofisini, sokoni na kanisani hujifunika makoti mazito hadi Agosti. Katika miezi hiyo manukato yanayopendwa na wanaume wa Njombe na Makambako ni yale yenye harufu nzito na ya joto: karafuu, mdalasini, pilipili, vanila, tumbaku na ngozi. Jambo hili laweza kuonekana dogo mno kwa mwanahistoria. Hata hivyo, Timothy Burke (1996) alipoandika kuhusu sabuni na usafi nchini Zimbabwe alionyesha kuwa bidhaa za mwili hubeba ndani yake historia ya kazi, mamlaka na heshima. Kwa Tanzania, historia ya harufu nzuri imeandikwa zaidi kutoka pwani, kana kwamba nchi yote ni Unguja na Bagamoyo. Makala haya yanaitazama kutoka mlimani.

Ni vema kwanza kueleza tabia ya manukato yenyewe. Harufu huifikia pua pale chembe zake zinapogeuka mvuke. Chembe nyepesi, kama zile za limau na machungwa, huruka upesi. Chembe nzito, kama za vanila na sandali, hukawia. Joto huharakisha mwendo huo na baridi huupunguza. Ndiyo maana manukato mazito yanayoweza kumchosha jirani ndani ya basi la Dar es Salaam mwezi Februari huwa ya kiasi Njombe mwezi Julai, yakitoka polepole chini ya sufu ya koti. Kwa hiyo, msemo wa wafanyabiashara kwamba Tanzania ni nchi ya joto, na kwamba manukato mepesi ndiyo yanayoifaa, unawafaa wauzaji wa pwani peke yao.

Kiungo kinachobeba historia hii ni karafuu. Mkarafuu, ambao asili yake ni visiwa vya Maluku, ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya Seyyid Said ukawa zao kuu lililolimwa kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikashika nafasi ya kwanza. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eugenoli, kemikali inayoipa karafuu ukali wake. Hata makonyo, yale matawi madogo yanayobaki baada ya punje kuchambuliwa, yana mafuta ya kutosha kukamuliwa, na kazi hiyo hufanyika katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake. Kwa muda mrefu viwanda vya Ulaya vilitengeneza vanilini kutokana na eugenoli ya karafuu. Vanilini ya kwanza ya kutengenezwa, ile ya Tiemann na Haarmann ya mwaka 1874, ilitokana na utomvu wa miti ya jamii ya misonobari, miti ambayo leo imeifunika milima ya Njombe kwa ajili ya mbao na nguzo.

Kemia ndiyo iliyoyabadili manukato ya wanaume wa Ulaya. William Henry Perkin aliunda kumarini mwaka 1868, na mwaka 1882 nyumba ya Houbigant ya Paris ikaitumia katika Fougère Royale. Mwaka 1938 kampuni ya Shulton ya Marekani ilitoa Old Spice ya wanaume, yenye harufu ya viungo na chupa iliyochorwa merikebu. Merikebu hizo zilimkumbusha mnunuzi biashara ya viungo. Watu waliovichuma viungo hivyo hawakuchorwa. Nyumba za wabunifu wa mavazi nazo ziliingia katika biashara hiyo na kuuza jina pamoja na harufu. Mfano wa karibuni ni Spicebomb ya Viktor & Rolf, iliyotoka mwaka 2012 katika chupa yenye umbo la bomu la mkono. Kwa mwanamume wa Ulaya hayo ni manukato ya majira ya kupukutika majani na ya baridi. Njombe haina theluji wala majira hayo, lakini ina Julai yake.

Je, mwanamume wa Ubena alinukia nini kabla ya chupa hizo? Jibu la haki ni moshi. Nyumba ya nyanda za juu ilipashwa kwa moto wa kuni, na moshi uliingia katika nguo na nywele za kila mtu. Wamisionari wa Berlin, waliofika mwishoni mwa karne ya 19, walileta shule, na pamoja na shule wazo kwamba mtu aliyestaarabika hunuka sabuni. Njia ya pili ilikuwa kazi. Njombe ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotoa manamba wengi kwa mashamba ya mkonge ya Tanga, hasa baada ya wenye mashamba kuunda ofisi yao ya kuandika vibarua, SILABU, mwaka 1944. Huko vijana waliishi karibu na miji ambamo mwanamume aliyevaa kanzu safi, iliyofukizwa udi na kupakwa uturi, hakuonekana mlegevu hata kidogo. Tofauti hiyo ina uzito. Pwani, kunukia kulikuwa sehemu ya uungwana wa mwanamume. Bara, kulitazamwa mara nyingi kama jambo la wanawake. Kisha Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilileta ajira ya mshahara Njombe kwenyewe, na magome ya miwati yaliyouzwa kwa kusindika ngozi yakawa harufu nyingine ya mji.

Makambako ina historia fupi zaidi, na ni ya magurudumu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976, ilipanda kutoka Mlimba hadi Makambako kupitia kipande kigumu kuliko vyote katika kilomita zake 1,860. Mji ukawa makutano ya reli, barabara kuu ya Zambia na barabara ya Njombe na Songea. Lakini miundombinu ilitangulia bidhaa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 biashara ya nje na ya jumla iliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma, na fedha za kigeni zilipokauka manukato yakawa anasa isiyoweza kutetewa. Katika msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, hata sabuni iliyofichwa ghalani ilikuwa ushahidi. Mwaka uliofuata serikali iliruhusu waagizaji kutumia fedha zao wenyewe za kigeni, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, kuanzia 1985, milango ikafunguka zaidi. Hapo ndipo historia ya manukato ya kiume katika nyanda za juu inapoanza kwa kweli, wala si katika maduka ya wakoloni kama inavyodhaniwa mara nyingi.

Njia ya leo yajulikana: Dubai au Guangzhou, Kariakoo, kisha basi la usiku hadi Makambako. Wafanyabiashara wa Kikinga na Kibena huuza chupa hizo jirani na makoti ya mitumba. Chupa halisi ya mbunifu ina bei iliyo mbali na uwezo wa mkulima wa viazi au dereva wa bodaboda, hivyo nafasi yake huchukuliwa na za kuigiza, zenye majina yaliyobadilishwa herufi moja, na mafuta ya kupimwa kwa bomba la sindano. Usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019, lakini meza ya stendi haikaguliwi kama duka. Mafuta ya kupimwa hayana spiriti. Hukaa karibu na ngozi, na hili huyafaa kwa hali ya hewa ya Njombe kuliko wengi wa wauzaji wake wanavyojua. Wanunuzi wao wanalijua. Huomba yenye viungo, hupaka shingoni na ndani ya ukosi wa koti, kisha hulifunga koti hadi juu. Katika soko hilohilo karafuu kavu ya Pemba hupimwa kwa kijiko, na huendea chai na pilau.