Kutoka Tui la Nazi hadi Loshoro: Historia ya Jiko la Mlima Meru kwa Bibi Harusi wa Kisiwani



Siku hizi posa inayotoka Arusha haishangazi mtu hapa Unguja. Watalii wakimaliza mbuga na mlima hupanda ndege ndogo kuja kupumzika Nungwi na Paje, na vijana wanaofanya kazi nao huja pia. Wengine huja kwa masomo, wengine kwa biashara. Wanaonana, wanaulizana ukoo, wazee wanakaa, mahari inapangwa, na bibi harusi wetu anafunga sanduku kwenda kuishi chini ya Mlima Meru.

Somo amemfundisha mengi: kufukiza udi, kusinga, kumpokea mume, kumstahi mavyaa. Jiko la ukweni lakini hakufundishwa, kwa sababu somo mwenyewe halijui. Wiki ya kwanza inapita kwa bashasha. Ya pili anaanza kuona chakula cha huko ni chapwa, na mume naye anaona cha kwetu kina mafuta ya nazi mengi na viungo vinavyomkera kooni. Hapo ndipo neno dogo la mezani linapogeuka kuwa "kwenu" na "kwetu". Nyumba nyingi hazivunjwi na sahani ya chakula, ila ufa wake unaweza kuanzia hapo.

Ndiyo maana leo tunataka kuzungumza historia. Tukijua sufuria ya Meru imepikwa na nani, tutaiangalia kwa jicho jingine.

Mlima wa watu waliooana

Miteremko ya Mlima Meru ina wenyeji wa aina mbili wanaojulikana zaidi. Wameru ndio waliotangulia. Lugha yao iko karibu na Kichaga, na wao ni watu wa migomba. Waarusha walifika mnamo miaka ya 1830 kutoka Arusha Chini, upande wa kusini mwa Kilimanjaro. Wao wanasema Kimaa, lugha ya Wamasai, na mila zao nyingi ni za Kimasai, lakini ni wakulima.

Watu hawa wawili walipigana, wakapatana, wakaoana. Kisha mwishoni mwa karne ya 19 likaja balaa kubwa. Ng'ombe wa Wamasai waliangamia kwa homa ya mapafu na sotoka, na watu nao wakapatwa na ndui. Wamasai wengi waliobaki hai walikimbilia kwa wakulima wa milimani, wakiwemo Waarusha. Fikiria mwanamke aliyekulia katika maziwa na nyama, ghafla anaishi katikati ya migomba na mahindi, na wengine wao wakaolewa huko huko. Hakuwa na simu ya kumpigia mama yake amuulize ndizi huivishwa vipi. Alijifunza kwa kumtazama mwanamke mwenzake.

Sasa itazame loshoro, chakula ambacho Waarusha na Wameru wote wanakiita cha kwao. Mahindi huchemshwa mpaka yalainike, ndizi mbichi hupikwa na kupondwa, kisha humiminiwa maziwa mgando. Kila nyumba ina mkono wake. Ndizi ni ya mkulima wa mlimani, maziwa mgando ni ya mfugaji. Maisha mawili yaliyokuwa yakitazamana kwa dharau yamelala ndani ya sufuria moja, na aliyeyalaza humo ni mwanamke jikoni. Bibi harusi wa kutoka mbali si jambo geni kwa mlima huu.

Na hata hivyo vitu vyenyewe vilitoka mbali. Mahindi asili yake ni Marekani ya kale, yaliletwa Afrika na Wareno. Ndizi asili yake ni Asia, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Nasi wa visiwani tusijione. Karafuu tunayojivunia ilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na mchele nao ulitoka Asia. Kila tunachokiita chakula cha asili kiliwahi kuwa mgeni, akatokea mwanamke akakikaribisha.

Pilau lilivyopanda mlima

Watu wa pwani nao wana zaidi ya miaka mia moja huko. Wajerumani waliwashinda Waarusha na Wameru katika vita vilivyoanza 1896, na kati ya 1899 na 1900 likajengwa boma ambalo mpaka leo lipo katikati ya jiji, sasa likiwa makumbusho. Pembeni mwa boma palikua mji. Walikuja askari kutoka sehemu mbalimbali za Afrika, wengi wao Waislamu, wakaja wafanyabiashara Waswahili, Wahindi na Wasomali. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mwaka 1929 ikafika Arusha, na bidhaa za pwani zikapata njia nyepesi.

Misheni ya Kilutheri nayo ilijenga Nkoaranga na Ilboru mwanzoni mwa karne ya 20, ndiyo maana Wameru na Waarusha wengi ni Walutheri. Lakini nenda kwenye nyumba ya Mlutheri wa Meru siku ya Krismasi, utakuta pilau. Bizari, mdalasini, hiliki na pilipili manga, vitu vya pwani na Bara Hindi, vinanukia kwenye kijiji cha migomba. Hakuna sheria iliyoamuru hivyo. Mtu alialikwa harusini, akaonja, akauliza, akaenda kujaribu kwake.

Hili linatufundisha namna chakula kinavyohama. Kikija kwa kujisifu hurudishwa mlangoni. Kikija siku ya furaha, kikapikwa kwa wingi na jirani akapelekewa sahani, hupata uraia.

Maharage hayaivi, na kosa si lako

Kuna mambo yanayomliza bibi harusi ambayo sababu yake ni kimo cha ardhi. Jiji la Arusha liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kwetu maji yanachemka kwenye nyuzijoto 100. Arusha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo hata yakitokota kwa fujo hayana ukali ule ule. Maharage na makande huchukua muda mrefu zaidi, na wali uliozoea kuupika kwa vipimo vya Mji Mkongwe unabaki na kiini kigumu. Loweka maharage usiku kucha, ongeza maji kidogo kwenye mchele, na usiwe na haraka ya kuondoa makaa uliyopalia. Sufuria ya presha huko ni rafiki wa kweli. Na mchele usihofu, wa Magugu unapatikana sokoni na unanukia vizuri.

Wenyeji wana dawa yao ya zamani, nayo ni magadi. Ziwa Natron, kaskazini mwa Arusha, limejaa magadi, na chembe ndogo ikitiwa kwenye mahindi au maharage hulainisha. Ikizidi, chakula kina ladha ya sabuni, basi mwache mama mkwe akuonyeshe kipimo kwa vidole vyake.

Nazi nayo ina hadithi yake. Mnazi unapenda joto na ardhi ya chini, haustawi kwenye baridi ya Meru. Nazi utakazoziona Soko Kuu au soko la Kilombero zimesafiri kutoka Tanga na sehemu nyingine za pwani, na nauli yake imo kwenye bei. Mume akinung'unika kuhusu nazi tatu kila siku, huenda anahesabu fedha tu, wala hadharau mapishi ya mama yako. Weka tui liwe la Ijumaa na la wageni. Jodari na changu hutawapata kwa urahisi, lakini wapo perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu na sato wa Ziwa Victoria, nao wakikaangwa vizuri na kutiwa ndimu wanapendeza mezani.

Kisha jaribu hili: nunua ndizi mshare, zile ndizi za kupika za mlimani, uzipike kwa nyama na tui zito, iliki kidogo na pilipili nzima juu. Mume ataitambua ndizi yake, nawe utalitambua tui lako. Hakuna atakayesema ameshindwa.

Mpaka ulipo

Yapo mambo ambayo si ya ladha. Katika mila za Wamasai na Waarusha ipo desturi ya kunywa damu ya mnyama, peke yake au pamoja na maziwa. Milimani huko ipo pia pombe ya ndizi, na katika sherehe ni alama ya heshima. Damu imeharamishwa wazi katika Suratul Maida, aya ya 3, na kilevi hukumu yake tunaijua. Hapo hakuna kuzoea.

Lakini namna ya kukataa ina adabu yake. Sema mapema, kabla ya siku ya sherehe, kupitia kwa mume au wifi, ili mama mkwe asifedheheke mbele ya wageni wake. Kuhusu nyama, nchini kwetu imezoeleka tangu zamani kwamba Muislamu ndiye achinje mnyama wa shughuli, na familia nyingi za Kikristo humwita jirani Muislamu ili kila mgeni ale kwa amani. Omba jambo hilo kwa upole, mara nyingi utakuta limeshapangwa. Penye shaka, muulize sheikh wako, usitoe fatwa jikoni.

Kwa yale yaliyo halali lakini hayakupandi, tunayo hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Nyumbani kwa Bi Maimuna, radhi za Allah zimshukie, iliandaliwa nyama ya dhabu, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alipoambiwa ni nyama gani aliuondoa mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kuwa sivyo, ila mnyama huyo hakuwepo katika ardhi ya watu wake, na nafsi yake haimtamani. Khalid akaivuta sahani akala, na Mtume akimtazama.

Angalieni mabibi, mambo mangapi yamo humo. Hakujilazimisha. Hakukitukana chakula. Hakumzuia mwenziwe kula. Na alitoa sababu ya kweli, kwamba mtu huzoea ardhi yake. Bibi harusi anaweza kuishi na loshoro kwa adabu hiyo hiyo miaka arubaini.

Siku ya uzazi

Mtihani mkubwa zaidi huja na mtoto wa kwanza. Kwetu mzazi hupewa uji wa pilipili manga na mchuzi wenye viungo vya moto, na hukaa ndani siku arubaini akikandwa. Upande wa Meru na Kilimanjaro mzazi hupewa mtori, ndizi na nyama zilizopikwa zikapondwa zikawa laini, ili apate nguvu na maziwa. Kina mama wawili husimama kwenye kitanda kimoja, kila mmoja na bakuli lake, na kila mmoja anaamini la mwenzake litamdhuru mwanawe.

Tunaomba hapa pasitokee mshindi. Mtori unamshibisha mzazi, uji wa pilipili manga unampa joto, na Arusha ya Juni na Julai ni baridi hasa. Asubuhi bakuli moja, jioni jingine, kila mmoja akashukuriwa kwa jina lake. Ikiwa daktari au mkunga ametoa masharti, hayo yafuatwe na wote wawili. Mama mkwe wa Kiarusha, ambaye utamwita yeyo, yaani mama, akiona umelimaliza bakuli lake, atakuwa amekupokea kuliko siku ya harusi.

Na mume naye ana wajibu. Akija Unguja ukweni asikunje uso mbele ya urojo au pweza. Akiwa kwake, aonje kwanza kabla ya kuomba chumvi, na amtetee mkewe mbele ya ndugu zake. Kuzoeana ni kwa wawili.

Mtoto atakayezaliwa katika nyumba hiyo ataomba loshoro kwa bibi wa Meru na boko boko kwa bibi wa Unguja, na vyote viwili ataviita chakula cha kwetu. Yeye hatajua kwamba kuna mtu aliwahi kulia jikoni kwa sababu ya maharage magumu.

Basi dada yetu unayefunga sanduku, tia mbuzi ya kukunia nazi na kifumbu chako, tia hiliki na pilipili manga za shambani. Ukifika, kabla ya kuvitoa, kaa kwenye kigoda karibu na mama mkwe umuulize: yeyo, hii inapikwaje? Allah akujaalie kheri na akutie baraka katika riziki ya nyumba yako. Amin.