Ni Wakati: Albamu ya Kalamashaka Lazima Uijue

Kama wewe ni msee wa rap ya Sheng, kuna albamu ya 2001 huwezi ruka: Ni Wakati. Ni kazi ya Kalamashaka, machali watatu wa Dandora, Nairobi: Kama, Johnny Vigeti na Oteraw, anayejulikana pia kama Roba.

Jina lao lilikuwa limeshika mwisho wa miaka ya 90 na ngoma yao Tafsiri Hii. Siku hizo marapa wengi Nairobi walikuwa wanachana kwa Kizungu. K-Shaka wakaamua Kiswahili na Sheng, vile watu hubonga mtaani.

Albamu ilitoka Moi akiwa bado rais, na hawa hawakuja na ngoma za raha tu. Walichana juu ya njaa, polisi na kukosa job. Dandora, mtaa uliojulikana sana kwa jaa la taka, ikapata sauti yake.

Baadaye crew yao, Mau Mau, iliungana na Ukoo Flani ya Mombasa wakawa Ukoo Flani Mau Mau. Kwa hivyo ukiskia rapa wa leo akitaja mtaa wake bila aibu, jua kuna wasee walitangulia. Itafute, uiskize kutoka mwanzo hadi mwisho.