KODI YA NYUMBA NA SHERIA YA KUIZUIA

Katika kijitabu cha mwaka huu tumeonelea vema kueleza habari za sheria ya kuzuia kodi za nyumba. Chama chetu kina wanachama wa pande mbili: wapangaji, na wazee waliojenga nyumba wakapangisha vyumba. Kila upande huona haki ni yake. Basi inatupasa sote tujue jambo hili lilikotoka na lilikofika.

Asili yake ni Uingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu walimiminika mjini Glasgow kufanya kazi katika viwanda vya silaha na vya kuunda meli, na wenye nyumba wakapandisha kodi. Wanawake, Bibi Mary Barbour akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliwakusanya majirani wakatae kulipa nyongeza. Kufikia Novemba 1915 nyumba zipatazo 20,000 zilikuwa katika mgomo. Serikali ikachelea kazi ya vita isije ikasimama, na kabla ya mwaka kwisha ikatoa sheria kwamba kodi za nyumba ndogo zirudi pale zilipokuwa vita vilipoanza, Agosti 1914.

Sheria hiyo ilikusudiwa kwisha miezi sita baada ya vita, lakini ilidumu kwa sura mbalimbali, hata mwaka 1989 ndipo wapangaji wapya walipoachwa nje ya ulinzi wake. Faida yake ni kwamba maskini aliyekwisha kupata nyumba alikaa kwa amani. Hasara yake ni kwamba mwenye fedha hakuona sababu ya kujenga nyumba za kupangisha, na aliyekuwa nazo aliziuza au aliziacha zichakae. Mwaka 1914 jamaa tisa hivi katika kila kumi walipanga kwa watu binafsi. Kufikia 1989 ilibaki kama jamaa moja katika kumi. Hatusemi kwamba sheria peke yake ndiyo iliyoleta hayo, maana mabaraza ya miji yalijenga nyumba nyingi, na watu wengi walikopa wakanunua zao.

Kwetu Kenya, wafanya kazi wa Mombasa waligoma Julai na Agosti 1939, na kodi ya nyumba ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Mwaka 1940, vita vingine vikiwa vimeanza, serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya kuzuia kodi, kwa mfano wa ile ya Uingereza. Ikafuatwa na ya 1949, kisha ya 1959, iliyokataza mpangaji asitozwe kilemba.

Lakini vyumba vikiwa vichache, kilemba hakifi. Hutolewa kwa siri. Mpangaji wa zamani hulipa kidogo, naye hukipangisha chumba kwa mgeni kwa bei kubwa. Tena tusisahau kwamba nyumba nyingi za Kiswahili katika Majengo ya Mombasa zilijengwa juu ya kiwanja cha mtu mwingine. Mwenye nyumba alilipa kodi ya kiwanja, akanunua makuti na boriti kwa bei ya soko. Kodi ya vyumba isipotosha, paa huvuja, na anayelowa ni mpangaji. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Baadaye kodi ya tarehe 1 Januari 1981 ilifanywa kipimo, na ulinzi ukawa kwa nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Bei za vitu zikapanda, kikomo kisipande. Nyumba nyingi zikatoka katika ulinzi ule bila mtu kuifuta sheria.

Basi twaona kwamba sheria yaweza kumzuia mwenye pupa, lakini haiwezi kujenga hata chumba kimoja. Wapangaji wadai stakabadhi kila mwezi. Wenye nyumba watenge sehemu ya kodi kwa matengenezo. Na wazee wetu waendapo mbele ya wakubwa kuomba kodi izuiwe, siku hiyo hiyo waombe na viwanja vya kujenga, kwa ajili ya vijana ambao bado hawajapata mlango wa kubisha.