Mganga, Mwele na Jamaa Zake

Mchikichini ni mtaa unaopakana na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, na jina lake latokana na mchikichi, mti utoao mawese. Katika mitaa ya namna hii, ambamo Wazaramo walichangamana na wageni wa makabila mengi, maradhi ya moyo na akili yalikuwa na tabibu wake tangu kale, naye ni mganga wa pepo.

Elimu ya mganga huyo haikupatikana shuleni. Aghalabu aliugua kwanza yeye mwenyewe, akapungwa, akapona, kisha akawa mwanafunzi wa fundi aliyemponya, hata akaruhusiwa kushika mkoba. Alimjua mwele kwa kuwa alikwisha kuwa mwele.

Katika kutibu, hakuuliza habari za mwili peke yake, bali pia nani amegombana na nani. Ngoma ilipopigwa na pepo akapanda kichwani, alisemeshwa, akataja jina lake na matakwa yake. Mke asiyethubutu kumlalamikia mumewe aliweza kusikilizwa kwa kinywa cha pepo, na jamaa waliohudhuria hawakuwa na budi kujibu.

Serikali ya kikoloni ilishika njia nyingine. Hospitali ya Mirembe ilianzishwa Dodoma mwaka 1927, na mgonjwa wa pwani aliyepelekwa huko alitengwa mbali na watu wake. Alipata ulinzi, lakini waliojua chanzo cha huzuni yake hawakuwapo.

Daktari Thomas Lambo wa Nigeria, aliyesomea Uingereza, aliiona kasoro hiyo. Huko Aro, kuanzia mwaka 1954, aliwaweka wagonjwa vijijini pamoja na ndugu zao, akashirikiana na waganga. Dar es Salaam nayo Lloyd Swantz aliwachunguza waganga wa Kizaramo, akatoa tasnifu mwaka 1974.

Hata hivyo, sifa zisizidi kiasi. Mganga yule yule aliyepatanisha jamaa aliweza pia kuwatenganisha, akimtaja mmoja wao kuwa mchawi. Wala ngoma haizuii kifafa, ambacho dawa za hospitali hukituliza.

Mwaka 1980 Tanzania ilianza mpango wa afya ya akili katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, ili matibabu yapatikane karibu na nyumbani. Dawa ilitoka hospitali. Lakini hekima ya kumtibu mtu kati ya watu wake, mganga alikuwa nayo zamani.