Fegi au Vumbi? Historia ya Lawama Kwenye Barabara ya Pugu

Ukitoka mjini kwenda Ukonga, unapita historia nzima ya viwanda vya Dar es Salaam. Siku hizi ni Barabara ya Nyerere, ila wazee bado wanaiita ya Pugu. Pale Chang'ombe kipo kiwanda cha sigara ambacho kampuni yake ilianzishwa 1961, mwaka wa uhuru. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ikachukua hisa nyingi. Mwaka 1995 wakaingia R.J. Reynolds wa Marekani, na 1999 Japan Tobacco. Maana yake, kwa miaka mingi aliyekuwa anauza Sportsman na aliyekuwa anaendesha hospitali alikuwa mmoja: serikali.

Sasa fikiria mfanyakazi anayerudi Ukonga jioni. Mchana kutwa amekula vumbi kazini, na kila akipata nafasi amevuta fegi, aliyonunua moja moja. Miaka ishirini baadaye anapanda ngazi anahema. Nani alaumiwe?

Swali hili lina historia. Mwaka 1977 Charles Fletcher na Richard Peto wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume wafanyakazi wa London kwa miaka kadhaa. Waliona kwamba pafu lililoharibika halirudi, lakini mvutaji anayeacha hupunguza kasi ya uharibifu hadi kukaribia ya asiyevuta. Mwaka 1985 Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani, C. Everett Koop, akatoa ripoti nzima juu ya saratani na magonjwa sugu ya mapafu kazini. Ilisema kwamba kwa wafanyakazi wengi wa kule wanaovuta, sigara inaua na kulemaza kuliko mazingira ya kazi. Unaona hatari yake? Tajiri akisoma sentensi hiyo peke yake, atasema: "Si umevuta mwenyewe?" Ila ripoti hiyohiyo ilisema pia kwamba kupunguza sigara na kupunguza sumu za kazini ni mambo yanayokwenda pamoja.

Na hapa kwetu vumbi lina ushahidi wake. Mwaka 1978 watafiti walichapisha habari za vifua vya wafanyakazi wa mkonge Tanzania. Miaka ya 2000 mwanzoni, Dkt. Julius Mwaiselage na wenzake walipima mapafu ya wafanyakazi wa kiwanda cha saruji nchini. Hata walipoingiza sigara kwenye hesabu, vumbi bado lilionekana kupunguza pumzi. Kwa hiyo fegi haimfutii mwajiri deni lake.

Ajabu ni kwamba mwaka 2003 Bunge letu lilipitisha sheria mbili: ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, na ya usalama na afya mahali pa kazi. Mwaka mmoja, sheria mbili, kwa kifua kilekile. Lakini kwenye mazungumzo yetu bado tunazitenganisha: tangazo la sigara linamsema mvutaji, ukaguzi wa kiwanda unamsema mwenye mashine.

Mapafu hayajui mipaka hiyo. Moshi unadhoofisha vinyweleo vinavyofagia uchafu kwenye njia ya hewa, halafu vumbi linakuta mlango wazi. Anayemwambia mfanyakazi aache sigara anasema kweli. Bali aseme pia na yule anayepaswa kufunga feni ya kunyonya vumbi, maana mvutaji anaweza kuacha fegi leo, lakini hawezi kuacha kupumua akiwa zamu.