Nakivale na Mbarara: Historia ya Kupanga na Kutopanga Ukuaji wa Miji Kusini Magharibi mwa Uganda, 1958–2024

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna ukuaji wa Mbarara na wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale ulivyopangwa, au ulivyoachwa bila kupangwa, tangu miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Hoja kuu ni kwamba mipango imefuata mipaka ya kiutawala badala ya kufuata biashara, maji na watu wanaoyaunganisha maeneo hayo mawili. Mbarara ilikuzwa kwa kusogezewa mipaka; Nakivale ilikua ndani ya sheria inayoitambua kuwa shamba la muda. Makala yanahitimisha kwa kubainisha maamuzi ambayo historia hiyo inawadai wapangaji wa leo.

Utangulizi

Mijadala ya mipango miji katika Afrika Mashariki huanza na jiji kisha ikaelekea pembezoni. Kitongoji huelezwa kuwa kijiji kilichofikiwa na jiji: barabara hupita, viwanja hupimwa, maduka hufunguliwa, na hatimaye mpaka wa manispaa husogezwa ili kukimeza. Nakivale haiingii kwa urahisi katika maelezo hayo. Iko katika Wilaya ya Isingiro, kilomita 50 hadi 60 kutoka Mbarara, nayo haikuzaliwa kutokana na kupanuka kwa jiji hilo. Hata hivyo ina masoko, maduka ya jumla, hoteli ndogo, mafundi, vituo vya bodaboda na watu wengi kuliko miji mingi ya Uganda yenye hadhi ya kisheria. Kufikia mwaka 2024 makazi hayo, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 185, yalikuwa na wakimbizi zaidi ya 180,000. Mji huo umekua bila halmashauri ya mji, na bila mkazi wake mkimbizi kumiliki kiwanja alichojengea. Ili kuelewa jinsi hali hiyo ilivyotokea, historia ya Mbarara na ya Nakivale haina budi kusomwa pamoja.

Mbarara: Kukua kwa Kusogeza Mipaka

Mbarara ilianza kuwa kituo cha utawala wa Waingereza katika Ankole mwishoni mwa karne ya 19, na Mkataba wa Ankole wa mwaka 1901 ukaimarisha nafasi hiyo. Mji ulipangwa kwa ajili ya utawala kwanza na biashara baadaye: ofisi na nyumba za maofisa mahali pamoja, mtaa wa maduka mahali pengine. Mwaka 1979, katika vita vilivyomwondoa Idi Amin, sehemu kubwa ya mji iliharibiwa baada ya majeshi ya Tanzania kuuteka mwezi Februari. Mbarara ya leo, kwa sehemu kubwa, ni mji uliojengwa upya baada ya vita hivyo.

Kujengwa upya huko kulikwenda sambamba na kukua kwa biashara ya maziwa na ndizi za matoke, kufunguliwa kwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara mwaka 1989, na nafasi ya mji katika barabara kuu zinazoelekea Rwanda, Kongo na Tanzania. Sensa ya mwaka 2002 iliwahesabu wakazi 69,363. Ile ya 2014 ikawahesabu 195,013. Tofauti hiyo haikutokana na uzazi na uhamiaji pekee. Kati ya sensa hizo, maeneo ya Biharwe, Kakiika na Nyakayojo yaliongezwa kwenye tarafa za awali za Kakoba, Kamukuzi na Nyamitanga. Mashamba ya migomba yakawa mitaa ya manispaa kwa tamko la kisheria. Tarehe 1 Julai 2020 Mbarara ikapandishwa hadhi kuwa jiji, pamoja na Arua, Gulu, Jinja, Mbale, Masaka na Fort Portal.

Mtindo wa kupanga unaoonekana hapa ni wa kusogeza mpaka: ukuaji hutambuliwa unapokuwa ndani ya mstari, na mstari husogezwa pale ukuaji unapokuwa umeshauvuka. Mtindo huo una kasoro zake, lakini humpa mkazi mambo mawili ya msingi, yaani ofisi ya kuwasilishia madai yake na uwezekano wa kupata haki inayotambulika juu ya kiwanja. Nakivale haikupata hata moja kati ya hayo.

Nakivale: Kambi Iliyopangwa Kuwa Shamba

Wakimbizi wa kwanza waliopelekwa Nakivale walikuwa Watutsi wa Rwanda waliokimbia machafuko ya mwisho wa miaka ya 1950. Makazi hayo huhesabiwa kuwa yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, jambo linaloyafanya kuwa miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Sheria ya udhibiti wa wakimbizi ya mwaka 1960 ilimtaka mkimbizi aishi mahali alipopangiwa na aombe kibali cha kutoka. Mpango wa matumizi ya ardhi ulikuwa mwepesi: kila kaya ipewe kipande cha kulima, ijilishe, na ingoje siku ya kurudi kwao.

Siku hiyo ilichelewa kwa zaidi ya miaka 30. Mnamo Oktoba 1982 Wanyarwanda wengi wa Ankole, wakiwemo raia wa Uganda, walifukuzwa katika nyumba zao. Wengine walivuka mpaka na wengine wakasukumwa kwenye makazi ya Nakivale na Oruchinga. Baada ya mwaka 1994 Watutsi wengi walirejea Rwanda, na ardhi waliyoiacha ikaanza kutumiwa na wafugaji na wakulima wenyeji. Wakati huohuo wakimbizi wapya waliwasili: Wahutu wa Rwanda, Wakongo waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 1996, Wasomali, Waethiopia, na Warundi hasa tangu mwaka 2015. Hapo ndipo migogoro ya mipaka ilipozidi kukua, kwa sababu ardhi ileile ilikuwa na masimulizi mawili. Kwa serikali ilikuwa ardhi ya makazi iliyotengwa tangu 1960. Kwa familia zilizoilima au kuilishia ng'ombe kwa miaka mingi ilikuwa urithi. Mpango wowote wa baadaye unaoligusa eneo hilo bila kuyakabili masimulizi hayo utazaa kesi kabla haujazaa barabara.

Soko Lililotangulia Mpango

Mkakati wa Kujitegemea uliozinduliwa mwaka 1999 katika wilaya za Magharibi mwa Nile, na baadaye Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, vilibadilisha mwelekeo wa sera. Sheria hiyo ilimtambulia mkimbizi haki ya kwenda atakako ndani ya nchi kwa masharti yaliyowekwa, pamoja na haki ya kufanya kazi na biashara. Athari yake ilionekana zaidi sokoni kuliko shambani. Eneo la Base Camp, mojawapo ya kanda tatu za Nakivale pamoja na Juru na Rubondo, likawa kitovu cha biashara. Mahindi na maharagwe ya makazi yalipata wanunuzi kutoka nje. Vitenge, simu, sabuni na vifaa vya ujenzi vililetwa kutoka Mbarara na Kampala.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa Nakivale, Kyangwali na Kampala, ulionyesha kwamba ni asilimia 1 tu ya kaya katika makazi ya vijijini ambazo hazikuwa na chanzo chochote cha kipato zaidi ya msaada. Watafiti waliona pia kuwa biashara za wakimbizi zilifungamana na wafanyabiashara Waganda katika kila hatua ya ununuzi na uuzaji. Kwa mantiki hiyo, Base Camp ni kitovu cha pili cha eneo la biashara ambalo kitovu chake cha kwanza ni Mbarara.

Lugha nayo ni ushahidi. Mchuuzi Mkongo, dereva Mnyankole na mwenye duka Mrundi huelewana mara nyingi kwa Kiswahili, lugha ambayo Katiba ya Uganda iliitambua kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005. Soko limejipatia lugha ya kujadiliana, ilhali nyaraka za mipango zinazolihusu huandikwa kwa Kiingereza.

Sheria Mbili Juu ya Kiwanja Kimoja

Kiini cha tatizo kimo katika sheria. Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 zinampa mkimbizi aliye katika eneo lililotengwa ruhusa ya kuitumia ardhi kwa kilimo au malisho, lakini zinamkataza kuiuza, kuikodisha au kuihamishia kwa mtu mwingine. Katazo hilo lina sababu: ardhi ya umma isije ikagawanywa na kuuzwa kinyemela. Hata hivyo kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya shamba, na inapotumika kwenye mtaa wa maduka hutoa matokeo tofauti. Mfanyabiashara hawezi kuweka kiwanja rehani, hana hakika kwamba duka lake halitahamishwa, na kwa hiyo hujenga kwa udongo na mabati pale ambapo angejenga kwa matofali ya kuchoma. Miamala ya viwanja, kwa kuwa imekatazwa, haina rejista inayoweza kuirekodi.

Mwaka huohuo wa 2010 Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Upangaji wa Maeneo, iliyotangaza nchi nzima kuwa eneo la kupangwa. Kwa sheria hiyo Nakivale ilipaswa kuwa na mpango kama mji mwingine wowote. Kiutendaji mamlaka yaligawanyika: Ofisi ya Waziri Mkuu ilisimamia ugawaji wa viwanja kupitia mkuu wa makazi, UNHCR na washirika wake wakatoa huduma, na Wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara katikati ya miaka ya 2000, ikabaki na wajibu wa kupanga bila uwezo wa kutosha. Kumegwa kwa wilaya kulikuwa na gharama nyingine pia: soko la Nakivale na mji unaolihudumia viliwekwa chini ya ofisi mbili za mipango.

Mipango ya Baada ya 2017

Tangu Uganda ilipozindua Mfumo Mpana wa Kushughulikia Wakimbizi mwaka 2017, hali imeanza kubadilika. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliongeza fedha za mradi wa kuendeleza miundombinu ya miji, ambao tangu 2013 ulikuwa umeihusisha Manispaa ya Mbarara. Safari hii wilaya 8 zinazopokea wakimbizi, Isingiro ikiwemo, ziliingizwa. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia makazi, nalo lilitoa wasifu wa kimaeneo wa Nakivale mwaka 2020.

Hatua hizo ni za maana, lakini maji ndiyo yanayoonyesha wazi zaidi kwa nini hazitoshi. Mto Rwizi, unaoinywesha Mbarara, hutiririka kuelekea mfumo wa maziwa ya Mburo na Nakivale, ambao ardhioevu zake zilitambuliwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar. Taka za jiji na kulimwa kwa kingo za mto huishia ziwani, na ziwa hilo ndilo chanzo cha maji cha makazi. Mradi wa kuvuta maji ya Mto Kagera kwa ajili ya Mbarara na Isingiro, unaofadhiliwa na Shirika la Maendeleo la Ufaransa, umeikubali kivitendo hoja ya makala haya: bomba limelitazama eneo zima kama moja, jambo ambalo mipango ya ardhi haijalifanya.

Kuna pia suala la fedha. Katikati ya mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza misaada kwa kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi ya uhitaji. Pale ambapo msaada hutolewa kwa fedha taslimu, kupungua kwake hupunguza pia mauzo ya duka. Mji unaotegemea mgao hauna budi kupewa msingi mwingine wa uchumi, na msingi huo ni biashara yake na Mbarara.

Mafunzo ya Majirani

Mifano miwili ya jirani inasaidia kupima njia zilizopo. Nchini Tanzania, makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, yaliyopokea Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, yalikusudiwa kufungwa na wakazi wake kutawanywa katika mikoa mingine. Zaidi ya watu 160,000 walipewa uraia, na hatimaye wazo la kuwatawanya likaachwa, kwa kuwa miji na mashamba yao yalikuwa yamekwisha kuota mizizi. Nchini Kenya, utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2018 ulikadiria soko la Kakuma kuwa na thamani ya takriban dola milioni 56 kwa mwaka, na eneo la Kalobeyei likapangwa tangu mwaka 2016 kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji kwa pamoja. Tanzania inafundisha kwamba kuchelewa kutambua hakuzuii mji kukua. Kenya inafundisha kwamba kupanga mapema kunawezekana hata kabla suala la uraia halijaamuliwa.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inawadai wapangaji maamuzi matatu. La kwanza ni kutenganisha kiwanja cha biashara na shamba: hati ya matumizi ya muda maalumu kwa maeneo ya soko, inayorekodiwa na wilaya, haihitaji kugusa umiliki wa ardhi ya umma. La pili ni kuunda chombo cha pamoja cha Jiji la Mbarara, Wilaya ya Isingiro na Ofisi ya Waziri Mkuu, chenye mamlaka juu ya barabara, bonde la Rwizi na masoko. La tatu ni kuhifadhi njia za barabara na mitaro ndani ya Base Camp sasa, wakati nyumba nyingi bado ni za udongo, na kuyajadili hayo pamoja na wenyeji wenye madai ya ardhi, kwa Runyankore na kwa Kiswahili.

Uamuzi wa kwanza ndio mgumu zaidi kisiasa, kwa kuwa baadhi ya wenyeji watauona kuwa ni mlango wa kuwamilikisha wageni ardhi. Hofu hiyo ina mizizi katika miaka ya 1982 na 1994, na haitaondolewa kwa waraka. Inaweza kupunguzwa iwapo hati hizo zitatolewa kwa mfanyabiashara mwenyeji na mkimbizi kwa masharti yaleyale, na iwapo ushuru wa soko utaonekana ukirudi katika shule na zahanati za pande zote mbili. Bila hivyo, kila mwaka unaopita huongeza idadi ya kuta zitakazopaswa kubomolewa siku ambayo mpango utafika.