Sumo: Siku tatu za mwisho hazina pambano dogo

Mara sita kwa mwaka taarifa yetu ya michezo ya mchana hubeba matokeo ya sumo, mieleka ya jadi ya Japani. Redioni tunapata sekunde chache tu: nani anaongoza, nani ameangushwa, nani ametwaa kombe. Lakini ukizifuata siku tatu za mwisho za mashindano, yaani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, utaona kwamba kombe ni sehemu moja tu ya habari. Kuna watu ulingoni ambao kombe hawaliwazi kabisa, na bado pambano lao moja linaamua kama wataendelea kulipwa mshahara au la. Makala haya yanaeleza namna ya kuzifuata siku hizo ukiwa na simu yako.

Sheria ni fupi. Watu wawili wanakutana ndani ya duara lenye upana wa mita 4.55, lililotengenezwa juu ya jukwaa la udongo ulioshindiliwa. Anayetoka nje ya duara kwanza, au anayegusa chini kwa kiungo chochote isipokuwa nyayo, ameshindwa. Hakuna raundi, hakuna pointi, hakuna makundi ya uzito: mtu wa kilo 110 anaweza kupangiwa mtu wa kilo 180. Mapambano mengi huisha ndani ya sekunde chache. Na si Wajapani peke yao wanaocheza. Kwa miaka zaidi ya ishirini Wamongolia wametawala ngazi za juu, na bara letu nalo lilikuwa na mtu wake: Osunaarashi kutoka Misri, Mwafrika wa kwanza kufika daraja la juu, mwaka 2013. Mwaka uliofuata, kwenye mashindano ya Julai, aliwaangusha mabingwa wakuu wawili siku mbili mfululizo.

Mashindano moja huchukua siku 15, kuanzia Jumapili hadi Jumapili ya tatu. Wanamieleka wa madaraja mawili ya juu hupigana mara moja kila siku. Daraja la juu kabisa lina watu 42, la pili lina 28. Chini yao kuna madaraja mengine manne yenye mamia ya vijana, ambao hupigana mara saba tu katika siku hizo 15.

Pambano la mwisho la siku hufanyika kabla kidogo ya saa kumi na mbili jioni kwa saa za Japani. Sisi tuko nyuma yao kwa saa sita, kwa hiyo ni kabla kidogo ya saa sita mchana Afrika Mashariki. Walioko Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo watoe saa moja. Jumapili ya mwisho mapambano humalizika mapema kidogo kupisha sherehe.

Uhakika huu wa saa una historia ambayo sisi watu wa redio tunaipenda. Zamani wanamieleka wawili waliweza kuinama, kutazamana, kuinuka, kurusha chumvi na kuinama tena kwa muda wowote waliotaka, mpaka wote wawili wawe tayari. Shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilipoanza kutangaza sumo redioni mwezi Januari 1928, mtindo huo haukuwezekana tena, maana matangazo yana saa ya kuisha. Hapo ndipo ukawekwa ukomo wa dakika kumi kwa daraja la juu. Leo ni dakika nne. Mwamuzi akishapewa ishara kwamba muda umekwisha, hakuna tena kurudi kuchukua chumvi kwa mbwembwe, ni kupigana.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, na namba ya kukariri ni nane.

Anayeshinda mara nane au zaidi katika siku 15 huvuka salama, na kwa kawaida hupanda kwenye orodha ya vyeo inayotolewa kabla ya mashindano yanayofuata. Anayeshindwa mara nane hushuka. Sare hakuna, na 15 haigawanyiki kwa mbili, hivyo kila mtu lazima aangukie upande mmoja. Ndiyo maana kuanzia Ijumaa tunamwangalia mtu mwenye ushindi sita au saba kwa makini kuliko kiongozi. Mtu akifika Jumapili ya mwisho akiwa 7-7, wiki mbili zake zote zimebaki kwenye sekunde tano.

Ugumu unazidi pale mpakani, chini ya daraja la pili. Mwanamieleka wa daraja la pili hulipwa yeni milioni 1.1 kwa mwezi, ambazo kwa viwango vya karibuni ni takriban dola 7,000. Ana wasaidizi wa kumfunga mkanda na kumbebea vitu, ana chumba chake kambini. Aliye ngazi moja chini yake hana mshahara kabisa. Anapata posho ndogo ya mashindano, chakula na mahali pa kulala, na analala chumba kimoja na wenzake, anaamka alfajiri, anapika na kufagia. Hapo katikati hakuna ngazi nyingine. Mtu anaweza kuwa bosi mwezi huu na baada ya mashindano mawili mabaya akarudi kumshikia taulo mtu aliyekuwa akimshikia yeye.

Juu nako kuna presha yake. Cheo cha pili kwa ukubwa kinaitwa ozeki. Ozeki akishindwa kufikisha nane mara moja, anapewa onyo. Akishindwa tena mashindano yanayofuata, anavuliwa cheo. Bingwa mkuu, yokozuna, hawezi kushushwa kamwe, lakini msionee wivu hilo: akiona hawezi tena kushinda inavyotarajiwa, kinachobaki kwake ni kustaafu.

Pale ambapo pambano moja lina thamani kubwa kwa mmoja na ndogo kwa mwingine, kishawishi hakikosekani. Mwaka 2002 wachumi wawili wa Marekani, Mark Duggan na Steven Levitt, walichapisha uchunguzi wa mapambano zaidi ya 32,000 kati ya 1989 na 2000. Waliwatazama watu wa 7-7 waliokutana siku ya mwisho na watu wa 8-6, yaani wenye njaa dhidi ya walioshiba. Kwa rekodi zao za kawaida, wenye njaa walitarajiwa kushinda chini kidogo ya nusu ya mapambano hayo. Walishinda karibu asilimia 80. Mtu anaweza kusema ni juhudi tu, mwenye shida hujituma zaidi. Lakini wawili wale wale walipokutana tena baadaye, bila shida yoyote mezani, waliosaidika mara ya kwanza walishinda takriban asilimia 40 tu. Hilo lilifanana sana na deni linalolipwa.

Chama cha Sumo cha Japani kilikana kwa miaka. Kisha, mwanzoni mwa 2011, polisi waliokuwa wakichunguza kamari ya mpira wa besiboli walipekua simu za wanamieleka na kukuta ujumbe mfupi wa kupanga nani aanguke na aangukeje. Mashindano ya Machi 2011 mjini Osaka yalifutwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1946, na zaidi ya watu ishirini waliondolewa kwenye mchezo. Siku hizi utaona mara kwa mara wawili wa 7-7 wakipangiwa wao kwa wao siku ya mwisho. Mmoja anapanda, mmoja anashuka, hakuna wa kumwonea mwenzake huruma.

Hilo la kupanga linahitaji maelezo, kwa sababu sumo haina ratiba ya msimu kama ligi ya mpira. Kamati hupanga mapambano siku baada ya siku, ikiangalia nani anafanya nini. Mwanzoni watu wa juu hupewa wale wanaowakaribia kwa cheo, na wakubwa kwa wakubwa huwekwa akiba kwa siku za mwisho. Mtu wa mkiani akianza kushinda mfululizo, kamati humvuta juu na kumpa vigogo. Hapo ndipo tunapojua kama ni moto wa kweli au wa mabua.

Machi 2024 ulikuwa wa kweli. Takerufuji, kijana wa miaka 24 kutoka Aomori, kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Japani, aliingia daraja la juu kwa mara ya kwanza na kushinda mapambano 11 mfululizo. Nywele zake zilikuwa bado fupi mno kufungwa ule mtindo wa kifahari wa daraja hilo. Kamati ikamvuta juu, na siku ya 12 ozeki Hoshoryu akamwangusha. Jumamosi, siku ya 14, alishindwa na Asanoyama na kuumia kifundo cha mguu wa kulia. Alitolewa kwa kiti cha magurudumu na kupelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa. Wakati huo alikuwa na ushindi 12, na nyuma yake Onosato alikuwa na 11. Kama Takerufuji asingefika Jumapili, angeandikwa ameshindwa, na Onosato angepata nafasi ya kumfikia. Alifika, mguu umefungwa bandeji, akamsukuma Gonoyama chini. Hakuna aliyekuwa amebeba Kombe la Mfalme katika mashindano yake ya kwanza ya daraja la juu tangu 1914.

Tulifurahi kama wengine, lakini tusimalizie hapo. Mei hakupigana kabisa. Alishuka daraja la pili, na mpaka Novemba ndipo aliporudi juu. Kati ya 1972 na 2003 kulikuwa na utaratibu wa kumlinda aliyeumia ulingoni: aliruhusiwa kukosa mashindano yanayofuata bila kupoteza cheo. Uliondolewa. Leo siku unayokosa ni siku uliyoshindwa, na ukisikia tunasema fulani ameingia ulingoni akichechemea siku ya 13, sasa unajua sababu.

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Mei 2001. Yokozuna Takanohana aliumia goti Jumamosi. Jumapili alipangiwa yokozuna mwenzake, Musashimaru, ambaye alimwangusha bila shida, na wote wawili wakawa na 13-2. Sheria inasema wenye alama sawa warudi ulingoni dakika chache baadaye. Wakarudi, na Takanohana, kwa goti lile lile, akamtupa chini. Waziri Mkuu Junichiro Koizumi alipanda ulingoni mwenyewe kumpa zawadi akiwa amejaa hisia. Takanohana alikosa mashindano saba yaliyofuata, akarudi Septemba 2002, na Januari 2003 akastaafu. Kombe lile lilikuwa la 22 kwake, na la mwisho. Wajapani wengi hulikumbuka kama siku kubwa ya ushujaa. Sisi tunaona pia kulikuwa na haja ya mtu wa kumwambia apumzike.

Pambano hilo la ziada ndilo kitu kitamu kuliko vyote Jumapili, na halipangwi na mtu. Watu wa kambi moja, na ndugu wa damu, hawapangiwi kupigana katika siku 15 za kawaida, lakini wakifungana kileleni hawana pa kukimbilia. Ilitokea Novemba 1995 mjini Fukuoka: Takanohana huyo huyo na kaka yake Wakanohana walimaliza 12-3 wote wawili, na kaka akamshinda mdogo wake. Wakiwa watatu, kombe huenda kwa atakayeshinda wenzake wawili mfululizo. Januari 2025 Kinbozan wa Kazakhstan aliingia Jumapili akiongoza kwa 12-2. Oho akamshinda, Hoshoryu naye akashinda pambano lake, wakawa watatu kwa 12-3. Hoshoryu akamwangusha Kinbozan, akamwangusha Oho, na siku chache baadaye akatangazwa yokozuna wa 74.

Baada ya hapo ni sherehe: wimbo wa taifa, Kombe la Mfalme lenye kilo 29, yeni milioni 10 kwa bingwa. Kuna pia zawadi tatu za pekee kwa walio chini ya ozeki: ya kuwaangusha wakubwa, ya moyo wa kupigana na ya ufundi. Takerufuji alizoa zote tatu siku ile.

Huhitaji bando kubwa kufuata haya. Tovuti ya chama cha sumo ina kurasa za Kiingereza zenye matokeo ya kila siku, na katika majedwali ya sumo ushindi ni duara jeupe, kushindwa ni duara jeusi. Fungua Alhamisi jioni, baada ya siku ya 12. Hesabu nyeusi za kila mtu. Mwenye nyeusi saba hana tena nafasi ya kuteleza. Mwandike kwenye karatasi. Kisha tazama kileleni: wanaopishana kwa pambano moja wote bado wamo. Ijumaa futa walioanguka, Jumamosi futa tena. Ratiba ya Jumapili hutoka baada ya matokeo ya Jumamosi kujulikana, na utakaowakuta wamebaki kwenye karatasi yako ndio wa kuwatazama.

Mashindano ya Januari, Mei na Septemba hufanyika Tokyo, ya Machi Osaka, ya Julai Nagoya na ya Novemba Fukuoka. Matokeo ya Jumapili ya mwisho tunayasoma siku hiyo hiyo katika taarifa ya michezo ya saa saba mchana.